Makanisa yafungue kumbi zao kwa maswali, si kwa mahubiri tu

Kwa Mhariri,

Msomaji mmoja aliyeandika katika ukurasa huu majuma machache yaliyopita alidai kwamba makanisa ya kiliberali ya Marekani, yaani yale yanayowaalika watu wa dini zote na wasio na dini kuja kujadiliana katika kumbi zao, yameacha kuwa makanisa na yamegeuka vijiwe vya watu wanaotilia shaka kila jambo. Aliongeza kwamba Wakenya tunaoishi huku tuonywe tusivikaribie vikundi hivyo, kwa sababu lengo lao ni kumvua mtu imani yake kidogo kidogo huku akikirimiwa kahawa na biskuti. Mimi naishi Lowell, katika jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba si vigumu kupata ibada ya Kiswahili au ya Kikuyu siku ya Jumapili. Nililelewa katika PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na sijatoka humo. Vikundi anavyovisema nimevihudhuria kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba nafasi ya kumjibu, hasa kwa kuwa suala aliloligusa linazihusu kumbi za makanisa ya nyumbani kuliko alivyodhani.

Makanisa anayoyalenga, kwa jinsi alivyoyaeleza, ni ya Unitarian Universalist, ambayo umoja wao una makao yake makuu Boston. Umoja huo uliundwa mwaka 1961, pale Waunitariani, waliokuwa na chama chao tangu 1825, walipoungana na Wauniversalisti, ambao chimbuko lao Marekani ni la karne ya 18. Waunitariani walipata jina lao kwa kulikataa fundisho la Utatu. Wauniversalisti nao walifundisha kwamba hakuna binadamu atakayeachwa motoni milele. Mkristo wa kwetu akiyasikia hayo mawili atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Leo makanisa haya hayana ungamo la imani ambalo kila mshirika hutakiwa kulikariri, na katika safu moja ya viti unaweza kumkuta Mkristo, Myahudi, Mbudha na mtu asiyemwamini Mungu hata kidogo. Miongoni mwa kanuni saba walizokubaliana mwaka 1985, mojawapo ilihusu kuutafuta ukweli na maana kwa uhuru na kwa uwajibikaji. Mwaka 2024 waliiandika upya misingi hiyo wakauweka upendo katikati yake, na hata hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kabla ya kupigiwa kura. Tena ni madhehebu madogo, kwani katika Marekani nzima washirika wao watu wazima hawafiki laki mbili. Kama kweli hii ni njama ya kuwapokonya watu imani, basi ni njama inayokwenda kwa mwendo wa pole sana.

Mwandishi yule amechanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Teolojia ya makanisa haya ni yao, na mimi siifuati. Majadiliano ya wazi wanayoyaandaa ni kitu kingine, chenye utaratibu wake na historia yake, na historia hiyo haikutokana na watu wa kiliberali peke yao.

Ni kweli kwamba mazingira ya Waunitariani wa Boston yalilea mapema desturi ya watu kukaa na kujadiliana. Mwaka 1839 Margaret Fuller, mwanamke wa familia ya Kiunitariani, alianzisha katika mji huo mfululizo wa mazungumzo ya wanawake, katika zama ambazo mwanamke hakuruhusiwa kusoma Harvard wala hakutarajiwa kutoa hoja mbele ya watu. Waliohudhuria walilipa ada, wakapewa mada, na kila mmoja akahimizwa aseme anavyofikiri badala ya kuketi akisikiliza tu. Mazungumzo hayo yaliendelea hadi 1844. Lakini mfano ambao ningependa wasomaji waujue vizuri zaidi ni wa Ford Hall, na walioutoa walikuwa Wabaptisti.

Daniel Sharp Ford, mchapishaji tajiri wa jarida la vijana na familia, alipofariki mwaka 1899 aliuachia muungano wa Wabaptisti wa Boston fedha za kujenga jumba ambalo lingewafaa watu wa kazi za mikono. Jumba lilijengwa karibu na jengo la bunge la jimbo, likapewa jina lake. Swali likawa watu hao wataletwa humo vipi, maana wafanyakazi wa Boston wa wakati ule, wengi wao Wayahudi na wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, hawakuwa na haja ya kwenda kuhubiriwa na Wabaptisti. George W. Coleman, mfanyabiashara na Mbaptisti asiye mchungaji, alikuwa ameiona New York, katika chuo cha Cooper Union, mikutano ya jioni ambapo msemaji huhutubu kisha akaulizwa maswali na yeyote aliye ukumbini. Aliichukua desturi hiyo akaileta Ford Hall, na mkutano wa kwanza ukafanyika Februari 1908, Jumapili jioni, bila kiingilio.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Msemaji alipewa muda wake akamaliza. Baada ya hapo ukumbi uliuliza, na aliyeuliza alitakiwa aulize tu, asigeuze zamu yake kuwa hotuba ya pili. Mwenyekiti alilirudia kila swali kwa sauti ili aliyeketi nyuma kabisa alisikie, na kwa kulirudia hivyo alimlinda pia muulizaji, kwa kuwa swali la fundi cherehani mwenye lafudhi nzito lilitoka kinywani mwa mwenyekiti likiwa na uzito sawa na la wakili. Waliohudhuria hawakuombwa kuungama, kujiunga na kanisa wala kukubaliana na lolote. Wabaptisti walilipia ukumbi, wakamlipa na mfagizi, kisha wakakaa kimya wakati mambo wasiyoyapenda yakisemwa chini ya dari lao. Kwa takriban miaka 20 waliibeba gharama hiyo, na wakati baraza hilo lilipojitegemea hatimaye, desturi yake ilikuwa imekwisha kusambaa katika miji mingi ya Marekani.

Kuna tukio moja la mwaka 1929 ambalo watu wa Boston hawajalisahau. Margaret Sanger, mtetezi wa uzazi wa mpango, alikuwa amekatazwa na wakuu wa jiji kulizungumzia suala hilo hadharani. Alipanda jukwaani Ford Hall akiwa amezibwa mdomo kwa kipande cha kitambaa, akasimama bila kusema neno, na hotuba yake ikasomwa na Arthur Schlesinger, profesa wa historia wa Harvard. Mtu anaweza kumpinga Sanger, na wapo wenye sababu nzito za kumpinga kwa mengine aliyoyaandika. Ninachokitaja hapa ni jukwaa: katika jiji zima, mahali palipokubali asimame palikuwa ni pale palipoanzishwa na kanisa kwa ajili ya kuuliza.

Katika miaka hiyohiyo makanisa ya kiliberali yalichukua desturi hii yakaiingiza ndani ya maisha yao ya kila juma. John Haynes Holmes, mchungaji wa Kiunitariani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, aligeuza kanisa lake la New York mwaka 1919 likawa kanisa la jamii, na mwaka uliofuata Clarence Skinner, Muuniversalisti, akaanzisha la namna hiyo Boston. Katika makanisa hayo hotuba ya Jumapili ilifuatwa na majadiliano, na mzungumzaji angeweza kuwa mtaalamu wa uchumi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama vile angeweza kuwa mchungaji. Vikundi vidogo vya jioni ninavyovijua mimi ni wajukuu wa mikutano hiyo mikubwa.

Nieleze jioni moja, ili msomaji apime mwenyewe kama palikuwa na mtego. Ilikuwa Oktoba 2012. Majuma machache baadaye wapiga kura wa Massachusetts wangeamua Hoja ya Pili, iliyotaka daktari aruhusiwe kumwandikia dawa ya kukatisha uhai mgonjwa mwenye akili timamu, asiyetarajiwa kuishi zaidi ya miezi sita, ambaye ameiomba mwenyewe. Tulikutana katika chumba kilicho chini ya kanisa, viti vya kukunja vikiwa vimepangwa duara. Mwezeshaji, mwalimu mstaafu, aliwasha mshumaa ndani ya kikombe cha chuma, alama ambayo makanisa haya yameitumia tangu Vita vya Pili vya Dunia, kisha akasoma kanuni zilizoandikwa kwa kalamu nono kwenye karatasi ya ukutani. Sema yaliyokupata au unayoyaamini wewe, usiwasemee wengine. Aliyekwisha kusema asirudie mpaka kila anayetaka kusema awe amesema. Usimkate mtu kauli. Habari za maisha ya mtu zilizosemwa humu zisitoke nje. (Ninazozisimulia hapa nimeruhusiwa na wenyewe, ruhusa ya mzee nitakayemtaja niliipata angali hai.)

Mzee huyo alikuwa fundi umeme, na alikuwa na saratani ya kongosho. Alisema maumivu hayamtishi sana kwa kuwa dawa zake zipo. Anachokiogopa ni siku ambayo madaktari watawaita wanawe kwenye korido na kuwauliza wao, kwa sababu anajua wawili kati yao hawataelewana tena baada ya hapo. Alisema hayo kwa dakika tatu hivi, akanyamaza. Baada ya watu wawili zamu ikamfikia mama mmoja kutoka Murang'a, Mpentekoste, anayewatunza wagonjwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Yeye aliipinga hoja ile. Alisema wagonjwa wake wengi huomba kufa saa tisa usiku, na saa moja asubuhi walewale wanauliza kwa nini mayai yamechelewa. Alisema pia kwamba ameona hesabu za nyumba zile, anajua mwezi mmoja unagharimu kiasi gani, na anahofia kwamba mgonjwa maskini ataiomba dawa ile kwa kuwahurumia watoto wake mifuko yao, na karatasi itaandikwa kwamba ameamua kwa hiari.

Zamu ilipomrudia mzee alimuuliza swali moja tu: na yule anayeomba kila usiku, mwezi mzima, unamwonaje? Mama alikaa kimya kitambo, akasema yuko mmoja wa namna hiyo, na kwamba kwa huyo hana la kusema zaidi ya kuketi naye. Mwezeshaji hakuingilia kati, hakutuambia nani ameshinda, wala hatukupiga kura. Muda ulipokwisha mshumaa ulizimwa, tukakunja viti, na wale wawili nikawaacha sinki wakiosha vikombe. Mwezi Novemba Hoja ya Pili ilishindwa kwa kura chache, takriban asilimia 51 dhidi ya 49. Mama yule ni Mpentekoste hadi leo. Aliniambia baadaye kwamba jioni ile ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu aanze kazi ile, kuulizwa na watu nje ya kazini ni nini anachokiona usiku.

Hapo sharti niseme pia kwamba mwalimu mstaafu yule hakuruhusu mtu yeyote alete mabango ya wagombea wa uchaguzi wa mwaka ule. Sheria ya kodi ya Marekani, kwa marekebisho ya 1954, iliyawekea mashirika ya hisani, makanisa yakiwamo, marufuku ya kumpigia debe mgombea, lakini haikuyazuia kujadili hoja inayopigiwa kura. Wengine huiona sheria hiyo kuwa pingu. Kwa mtazamo wangu, ndiyo iliyofanya chumba kile kikalike, maana mada ingekuwa mgombea, tungekaa kwa makundi mawili kabla ya mshumaa kuwashwa.

Lau mwandishi yule angeandika juu ya kasoro halisi za vikundi hivi, ningemuunga mkono. Kasoro ya kwanza ni wahudhuriaji wenyewe. Bango lililoko nje husema kila mtu anakaribishwa, lakini wanaoingia kwa wingi ni Wazungu wenye umri mkubwa na shahada mbili, ambao tayari wanakubaliana juu ya mambo mengi. Kikundi kimoja nilichokijua kilikutana Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambapo wanaofanya kazi za usiku wamelala na wanaofanya kazi za mchana wako kazini. Kisha wanachama wake wakawa wanashangaa mbona wahamiaji hawaji. Mama wa Murang'a aliweza kuja Oktoba ile kwa sababu alibadilishana zamu na mwenzake. Kasoro nyingine, ambayo kwangu ni mbaya zaidi, ni ile adabu inayozidi mpaka ikawa njia ya kutosikiliza. Mtu mwenye msimamo wa kihafidhina akisema, hatakatizwa kauli, hatazomewa, watu watatikisa vichwa kwa upole, na zamu itasonga mbele kana kwamba amekohoa. Swali la mzee kwa mama lilinikaa moyoni kwa sababu mambo kama hayo hayatokei kila juma. Na siku hizi, kutokana na uhasama wa kisiasa uliozidi katika nchi hii, vipo vikundi vinavyochagua mada laini makusudi, kama vile shukrani au kumbukumbu za utotoni, ili amani iwepo. Amani hupatikana, ila hakuna kinachojadiliwa.

Mwandishi yule alisema pia, kwa kejeli, kwamba haya ni mambo ya Wazungu waliochoshwa na Mungu. Basi ajue kwamba Bujumbura lipo kanisa la Waunitariani lililoanzishwa na Warundi wenyewe. Mwaka 2015, katika machafuko ya Burundi, mchungaji wake, Fulgence Ndagijimana, alikamatwa na kuwekwa kizuizini, na baada ya kuachiliwa ikambidi aikimbie nchi, akaishia Kanada. Watu waliokuwa wakikusanyika katika kanisa lile hawakuwa wamechoshwa na Mungu, wala hawakuwa wakijiburudisha kwa mazungumzo ya jioni.

Sasa niyageukie makanisa ya nyumbani. Si kweli kwamba desturi hii ni ngeni kwetu, na wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa kwa marefu. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia hadi ndani ya All Saints Cathedral, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa wamekusanyika humo kudai mabadiliko ya katiba. Desemba 1999, pale serikali na wabunge walipojaribu kulifanya suala la katiba kuwa lao peke yao, viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu walikutana katika Jumba la Ufungamano, mali ya makanisa, na mwaka uliofuata ikazinduliwa Tume ya Wananchi chini ya Dkt. Oki Ooko Ombaka, ambayo mwaka 2001 iliunganishwa na tume rasmi ya kurekebisha katiba, ya Profesa Yash Pal Ghai. Ufungamano palikuwa mahali ambapo imamu, askofu, wakili na mwanafunzi wa chuo waliulizana maswali ambayo hakuna aliyekuwa na jibu lake tayari. Makanisa yaliyoshiriki mambo hayo hayakuwa ya kiliberali kwa maana ya Boston. Yaliamini Utatu, yaliamini jehanamu, na bado yalijua kuandaa ukumbi.

Kisha ukaja mwaka 2010. Rasimu ya katiba ilipofika kwa wananchi, viongozi wa makanisa mengi makubwa waliipinga kwa sababu ya kifungu kinachogusa utoaji mimba na kwa sababu ya mahakama za kadhi. Walikuwa na haki ya kuipinga, na baadhi ya hoja zao zilistahili kusikilizwa. Lakini safari hii jibu lilitoka mimbari likiwa limekamilika. Waumini waliambiwa wapige kura ya hapana, hawakualikwa jioni ya katikati ya juma kuja kuuliza kifungu kile kinasema nini hasa, au jirani yao Mwislamu anaiona vipi mahakama ya kadhi, ambayo imekuwapo katika sheria zetu tangu uhuru. Agosti 4 takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali katiba ile, wengi wao wakiwa ni haohao walioketi kanisani Jumapili iliyotangulia. Sidai kwamba majadiliano yangeyabadilisha matokeo. Ninachokisema ni kwamba makanisa yaliyokuwa wenyeji wa swali mwaka 1999 yalijiona mwaka 2010 kuwa wenye jibu tu, na waumini wakayasikiliza kwa heshima, wakaenda kupiga kura walivyotaka.

Msomaji atasema kwamba tunavyo vikundi tele: jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, ushirika wa nyumbani, Woman's Guild, mikutano ya vijana. Vipo, na vina kazi kubwa katika misiba, harusi na karo za watoto, kazi ambayo hakuna kikundi cha Boston kinachoikaribia. Lakini kijitabu cha mafunzo huja na swali na jibu lake, na mwenye swali lisilo kijitabuni hujifunza upesi kulinyamazia. Matokeo yake yalionekana Juni 2024, wakati vijana wetu walipoupinga Mswada wa Fedha. Walijadiliana usiku kucha kwenye simu zao, katika mazungumzo ya sauti yenye wasikilizaji maelfu, mpaka Rais mwenyewe akaingia humo mwezi Julai kujibu maswali. Wengi wao ni watoto wa kanisa. Walipolitaja kanisa, walilitaja kwa hasira, kama mahali ambapo mwanasiasa hupewa kipaza sauti baada ya kutoa bahasha, na kijana hupewa nafasi ya kuimba kwaya.

Viongozi wengine wa dini wamelisikia hilo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais alikuwa ameziahidi na kuzitoa kwa parokia moja ya Soweto, na katika makanisa kadhaa mwanasiasa sasa huketi na waumini wengine bila kuitwa mbele. Ni hatua njema, ila imeishia katika kumnyang'anya mwanasiasa kipaza sauti. Kipaza sauti chenyewe kimerudi mikononi mwa mchungaji, mwananchi wa kawaida bado hajakishika.

Sipendekezi tuwaige Waunitariani katika imani yao, wala sidhani kwamba kanisa lisilo na ungamo ndilo pekee linaloweza kuwa mwenyeji wa mjadala. Wabaptisti wa Ford Hall wamekwisha kulithibitisha jambo hilo. Ninachoomba ni utaratibu wao. Kumbi nyingi za makanisa yetu hufungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa pakiwa na mazoezi ya kwaya au mkutano wa harusi. Parokia moja ikianza kwa jioni moja kila mwezi, saa kumi na mbili watu wakitoka kazini, pasiwe na sadaka wala ombi la kuokoka mlangoni, Mwislamu na asiye na dini wakaribishwe kwa maneno yaliyobandikwa langoni na si kwa kunong'onezwa, hiyo itatosha. Msemaji azungumze nusu saa, ukumbi uulize saa nzima. Mwenyekiti asiwe mchungaji wala mzee wa kanisa, maana kwetu mtu hawezi kumkatiza mchungaji hata akipitiliza muda, na mchungaji naye, mbele ya waumini wake, huona aibu kusema kwamba hajui.

Najua hofu ya wachungaji, kwa kuwa mmoja aliniambia waziwazi: watu wakizoea kuuliza Alhamisi, wataanza kuuliza Jumapili. Huenda wakauliza. Hofu nyingine ni ya usalama, kwa kuwa kanisa linalofungua ukumbi kwa maswali ya umma linaweza kutembelewa na watu wasioalikwa, na waliokuwa All Saints mwaka 1997 hawahitaji kuelezwa hilo. Kwa sababu hiyo ni afadhali parokia kadhaa za mtaa mmoja zianze pamoja na kupokezana kumbi, na ikiwezekana msikiti wa jirani uwe mwenyeji kwa zamu, kama ilivyokuwa Ufungamano.

Kuhusu mada ya kwanza, nisingependekeza utoaji mimba, wala ushuru, wala siasa za kitaifa. Ningependekeza hesabu za kanisa lenyewe: michango ya ujenzi ya miaka mitatu iliyopita imetoka kwa nani, imetumika wapi, na ni nani kati ya wachangiaji aliyepewa nafasi ya kusalimu watu siku ile alipotoa. Mweka hazina alete vitabu, azungumze nusu saa yake, kisha mwenyekiti awe akilirudia kila swali kwa sauti ili waliokaa nyuma walisikie.

Wako,
Msomaji, Lowell, Massachusetts